Mbweu ya Uongo

Dada yangu mdogo alipotuambia kwamba amekubali kufanyiwa upasuaji, ushahidi wake ulikuwa mimi. Alininyooshea kidole mbele ya Mama, akasema hana wasiwasi wowote, kwa sababu anaye kaka aliyefanyiwa upasuaji huohuo miaka kumi na moja iliyopita na mpaka leo yuko ngangari. Nilitabasamu. Kisha nikatoka nje nikazunguka lori langu mara tatu, nikijitia kutazama magurudumu. Sikuwa ngangari kama alivyodhani, na yeye alikuwa anakwenda kulala kwenye meza ya daktari kwa kuniamini mimi. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Safari yake ya Nairobi ilikuwa Jumapili.

Upasuaji wenyewe ni ule wa matundu. Hawakufungui tumbo kutoka juu mpaka chini. Wanatoboa vitundu vitano vidogo, wanalijaza tumbo hewa, wanaingiza kamera na vyuma vyembamba, halafu wanachukua sehemu ya juu ya tumbo na kuizungushia mwisho wa koo, kama mtu anavyojifunga kikoi kiunoni, ili asidi isipate mwanya wa kupanda. Mimi nilirudi Isiolo baada ya siku chache nikiwa na plasta tano na bega linaloniuma kuliko tumbo, kwa ajili ya ile hewa. Wiki kadhaa nilikunywa supu na uji. Mkate ulikuwa ukinikwama kifuani mpaka nikauogopa, na nyama nikaanza kuitafuna mpaka watoto wangu wakaninunia kwa kuwachelewesha mezani.

Lakini ile asidi ilikufa, na hilo sitaki kulipunguza. Kabla ya hapo sikuwa mtu. Sisi ni watu wa malori tangu marehemu baba, na babu kabla yake aliletwa huku na Waingereza akiwa askari, akabaki. Kazi yangu ni kuinama: kukaza nati, kuingia chini ya gari, kuinua magunia. Kila nilipoinama moto ulipanda mpaka mdomoni. Nilikuwa nikiendesha gari na chupa ya dawa nyeupe katikati ya mapaja. Na juu ya hayo yote nilikuwa na hofu, kwa sababu baba alikufa kwa ugonjwa wa koo. Daktari alinieleza kwa upole kwamba yangu si kama ya baba, lakini hofu haina masikio. Baada ya upasuaji niliinama chini ya lori kwa mara ya kwanza, nikakaa huko nimelala chali bila sababu, natazama tu bomba la moshi, nikilia kwa furaha kama mjinga.

Nikawa mtangazaji. Mtu akishika kifua pale gereji, anatumwa kwangu. Akikohoa kohoa baada ya kula, anatumwa kwangu. Nilikuwa nikiinua shati hadharani na kuonyesha vile vialama vitano, nikieleza mambo ambayo daktari mwenyewe angeyaeleza kwa tahadhari kubwa zaidi. Nilipenda kusikilizwa. Dereva wa lori husikilizwa mara chache, watu humtuma tu.

Kuna mambo ambayo sikuyatangaza. La kwanza ni kwamba tangu siku ile sijawahi kupiga mbweu. Kile kikoi walichonifunga kinazuia asidi, na hewa pia kinaizuia. Nikinywa soda, hewa inakaa ndani na tumbo linavimba mpaka nafungua mshipi. Hata kutapika siwezi. Na kwa kuwa hewa haiwezi kupanda, inatafuta njia ya chini, na hapo ndipo ninapoaibika. Swala moja naweza kutawadha mara tatu. Ijumaa msikitini mimi hukaa safu ya mwisho karibu na mlango, tayari kukimbilia bombani, na watu huniona mnyenyekevu kwa kuacha safu za mbele. Imamu aliwahi kunisifu kwa hilo. Nikainamisha kichwa, akaona unyenyekevu umezidi.

La pili ni vidonge. Mwaka wa tisa ule moto ulianza kurudi, sio kama zamani, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi na kuondoka. Nikarudi kwa daktari kimyakimya, nikasema nyumbani kwamba nakwenda kutafuta vipuri. Aliingiza kamera kooni, akasema kikoi kimelegea kidogo, hakuna la kutisha, hutokea kwa baadhi ya watu kadiri miaka inavyokwenda. Naweza kufungwa upya, ila mara ya pili huwa kazi ngumu kuliko ya kwanza, au naweza kunywa kidonge kimoja kwa siku. Nikachagua kidonge. Nilivificha vidonge kwenye sanduku la spana, chini ya kitambaa cha grisi, na kila asubuhi nilimeza kimoja nikiwa nimegeuzia nyumba mgongo. Ningewezaje kusema? Mji mzima ulikuwa umeona tumbo langu.

Na la tatu ni Mama.

Mama yetu, ambaye sisi humwita Hooyo, ana mazoea yake kuhusu maziwa ya ngamia. Anakumiminia kikombe, anakaa mbele yako akiwa ameshika chupa, na anasubiri. Ukimaliza ukapiga mbweu, anasema Alhamdulillahi na kuondoa kikombe. Usipopiga, anaongeza. Hakuulizi kama umeshiba. Kwake mtu anaweza kusema ameshiba kwa sababu ya adabu, au kwa sababu ameona maziwa ni kidogo, lakini tumbo lenyewe likisema, basi. Tulikua hivyo. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukishindana. Baba alipougua, Mama alikaa mbele yake miezi mitatu na kile kikombe, na baba akawa anagusisha midomo tu. Mbweu haikuja. Baada ya mazishi ndipo mazoea yake yalipozidi nguvu, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumcheka.

Basi nilipotoka hospitali na kuruhusiwa maziwa, nilikwenda kwake mtaa wa Kiwanjani. Nikanywa. Akasubiri. Akaongeza, nikanywa. Akasubiri tena. Kikombe cha tatu tumbo likawa ngoma, siwezi kukaa wala kusimama, nikatoka uani nikaanza kutembea kutoka ukutani hadi langoni, naye nyuma yangu na chupa. Niligeuka nikamwona uso. Ulikuwa uso ule aliokuwa nao mbele ya baba. Ningeweza kumweleza pale pale mambo ya daktari na kile kikoi. Badala yake nilivuta hewa kidogo kooni, nikaikamata, nikaiachilia kwa kishindo. Ni ufundi wa watoto wa shule, haushuki hata kifuani. Mama aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akasema Alhamdulillahi mara mbili.

Nilijiambia ni mara moja tu. Nimeifanya miaka kumi na moja.

Sasa tuirudie ile wiki. Jumanne niliamua kwamba leo nasema. Dada yangu ana biashara ya maziwa pale mjini. Mitungi inafika asubuhi kutoka malishoni, naye anaipokea kutoka kwa kina mama. Kazi yake yote iko ulimini. Anamwaga tone kiganjani, analamba, anasema haya mabichi, haya yameanza kuchacha, yakae yawe susa, maziwa lala. Wanawake wamemwamini kwa ulimi huo kwa muda mrefu. Lakini miezi ile asidi ilikuwa imekaa mdomoni mwake, na kila maziwa kwake yalikuwa machachu. Nilimkuta akibishana na mama mmoja aliyetoka mbali, akimwambia maziwa yake yameharibika. Yule mama akalamba, akamwonjesha mwenzake, wakatazamana. Yalikuwa mazuri kabisa. Dada yangu alirudi nyuma akakaa kwenye kreti, akajifuta macho kwa ncha ya hijabu.

"Abowe," aliniambia, akiniita kama tunavyowaita kaka zetu, "mimi siwezi ngoja tena. Hii kitu itanimalizia kazi."

Nikasema inshallah utapona. Nikaondoka nimejaa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa yangu mimi juu yangu mwenyewe, ila nilimpigia honi mwenye mkokoteni ambaye hakuwa na kosa lolote.

Jumatano nilikimbilia mashamba ya Rapsu kuchukua vitunguu, mzigo ambao ungeweza kungoja wiki nyingine. Njia nzima nilijipangia maneno. Nikisema upasuaji ni mbaya, nitakuwa nimedanganya, kwa maana mimi nikiulizwa leo kama ningefanya tena, nitasema ndiyo, kisha nitasimama na kuzunguka gari. Nikisema ni mzuri, nitakuwa nimedanganya vilevile. Wapakiaji walikuwa wakicheka kwa sababu nilikuwa nikiwahesabia magunia huku nikitembea na kusahau na kuanza upya. Mmoja aliniuliza kama nimekalia siafu. Nikamwambia afanye kazi yake.

Alhamisi nilimpigia simu dada yangu mara mbili nikakata kabla hajapokea. Alipopiga yeye, nilimuuliza bei ya kamba ya mkonge ya kufungia turubai, jambo ambalo yeye hajui lolote kulihusu. Alinijibu kwa huruma, akidhani nina wasiwasi juu yake na sijui kusema.

Ijumaa baada ya swala tulikula kwa Mama, sisi watatu. Alikuwa amepika wali na nyama ya mbuzi, ya dada yangu akaichemsha pembeni bila mafuta. Nilikula polepole kama ninavyokula siku hizi, nikiwa wa mwisho. Kisha maziwa. Mama akanimiminia, akakaa mbele yangu na chupa. Nikanywa. Alinitazama, na mimi, bila hata kufikiri, nikavuta hewa kooni nikaipiga ile mbweu yangu, ndefu, nzuri kuliko zote.

"Alhamdulillahi," akasema Mama.

Dada yangu akacheka kwa sauti ya juu ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu augue. Alikuwa ameshika simu. Akabonyeza, na nikasikia mbweu yangu ikitoka kwenye ile simu, kubwa zaidi ya ilivyokuwa mdomoni.

Alieleza akimwelekea Mama. Yule daktari wa Nairobi alimweka chini akamwonya kwamba baada ya upasuaji huenda asiweze kutoa hewa kwa mdomo maisha yake yote, na kwamba tumbo litajaa, na kwamba kuna watu wanaorudi kwenye dawa baada ya miaka. Alitaka afikirie vizuri kabla ya kutia sahihi. Dada yangu alimjibu kwamba hayo labda ni ya watu wengine.

"Nilimwambia, daktari, mimi niko na ndugu, akimaliza maziwa mpaka jirani anajua. Akanyamaza. Sasa Jumapili nitamwekea hii asikie na masikio yake."

Mama akafurahi, akasema madaktari wanapenda kutisha watu.

Niliona jinsi mambo yalivyokaa. Daktari alikuwa amesema kweli yote, neno kwa neno, kweli ambayo mimi sikuwa nimeisema kwa miaka kumi na moja, na dada yangu ameitupa kwa sababu ya sauti niliyoitengeneza kooni. Nilisimama. Nikaketi. Nikasimama tena.

"Futa hiyo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Si ya kweli."

Alidhani natania. Akaicheza tena. Nikavuta hewa, nikapiga nyingine, fupi, halafu nyingine, halafu nyingine, tatu mfululizo, bila kunywa chochote, nikimtazama yeye na si Mama. Mbweu ya kweli haiji hivyo. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Nikasema yote pale nimesimama, hata ya kutawadha, hata ya sanduku la spana. Nikaleta vidonge kutoka kwenye lori nikaviweka juu ya mkeka kati ya sahani, vikiwa na grisi.

Dada yangu hakunipigia kelele. Aliniuliza maswali mengi, haraka haraka. Je, nyama inapita? Inapita, ikitafunwa. Je, ule moto? Miaka minane sikuujua, na sasa kidonge kimoja kinautosha. Je, mdomo? Ulimi? Ulimi ulirudi, nikasema, chai nilianza kuisikia utamu. Alifunga macho kidogo kwa hilo. Kisha akasema jambo ambalo bado linanichoma.

"Ungeniacha niende hivyo. Ningeamka nimefungwa, nikukasirikie mpaka kufa, na wewe hapa unapigia Hooyo mbweu."

Nilikuwa nimeshaanza kutembea.

Mama alikuwa bado ameshika ile chupa. Kwetu mama na mwana huitana neno moja, hooyo, na aliponiita hivyo nilisimama kama mtoto.

"Hooyo, tangu lini?"

Nikamwambia tangu siku ile uani, siku ya ndoo.

"Na mimi kila mara nasema Alhamdulillahi."

"Ndiyo, Hooyo."

Akafunga kifuniko cha chupa, akakikaza, akakikaza tena. Aliinuka akaenda jikoni, na tukasikia akiosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Nilitaka kumfuata. Dada yangu alinishika mkono akaniambia nimwache, kisha akaniachia mkono kwa nguvu, akakumbuka kwamba ananikasirikia.

Jumapili hakusafiri. Nilidhani nimemvunjia matibabu, na wiki mbili zilizofuata sikulala vizuri wala kula vizuri, nikalitia gari mafuta ya breki mahali pasipostahili na kumlaumu mwenye duka. Lakini alikuwa amempigia daktari simu, akamwomba radhi, akamuuliza upya kila alichokuwa amekipuuza. Daktari alimwambia ipo namna ya kufunga nusu, isiyokaza sana, na kwamba kwa watu wengine hewa huweza kupita kidogo, ila hataki kumwahidi. Alimwambia pia kwamba hata kwa wale wanaorudi kwenye vidonge, wengi hawajutii. Dada yangu alinieleza hayo kwa simu, kwa sauti kavu, halafu akaniuliza kama mimi najuta. Nikasema sijutii upasuaji.

Alikwenda wiki ya tatu. Nilimpeleka mimi mwenyewe, na njia nzima tulizungumza kidogo sana.

Sasa ni mwezi wa nane tangu afanyiwe. Mbweu kwake huja mara moja moja, ndogo, ya kushtukiza, naye husema samahani kama mgeni. Anavimba akila haraka, na anakula haraka kwa sababu ndivyo alivyo. Lakini nimemwona pale mjini akimwaga tone kiganjani, akalamba, akafikiri, akamwambia mwanamke haya ni ya asubuhi hii, na yale ni ya jana jioni umechanganya. Yule mwanamke akacheka kwa kukamatwa. Sijui miaka tisa ijayo itamletea nini. Yeye pia hajui, ila safari hii anajua kwamba hajui, na mimi sionyeshi tena mtu tumbo langu bila kutaja vidonge.

Kwa Mama nilikawia kurudi mezani. Nilikuwa nikipita, nasalimu nikiwa mlangoni na ufunguo mkononi, naondoka. Ijumaa iliyopita dada yangu alinikamata mkono langoni akaniingiza. Tukala. Mama akamimina maziwa, kikombe changu na cha dada yangu, akakaa mbele yetu. Tukanywa. Changu kilibaki nusu. Koo langu, kwa mazoea, lilianza kuvuta hewa lenyewe, nikalizuia.

Mama akamgeukia dada yangu. Akamuuliza kama ameshiba, kwa maneno, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya maishani mwangu. Dada yangu akasema ameshiba. Mama akasema Alhamdulillahi na kuondoa kikombe chake.

Kisha akanigeukia mimi.

"Nimeshiba, Hooyo," nikasema kabla hajaniuliza.

Hakuondoa kikombe. Alinitazama, na sikuona hasira, niliona mtu anayefanya kazi. Akaweka chupa chini, akasogea kwa magoti, akaninyanyua shati, akaingiza mkono chini ya mbavu na kunibonyeza tumbo kwa vidole, hapa, na hapa, kama anavyombonyeza mwanambuzi jioni kujua kama amenyonya. Vidole vyake vilipita juu ya kile kialama cha juu kabisa, ambacho nilikuwa nimewaonyesha watu wote wa mji huu isipokuwa yeye. Vikasimama hapo. Nilitaka kuinuka nitembee, sikuinuka.

"Ulishiba kikombe nusu," akasema.

Akamwaga nusu iliyobaki kwenye chupa, akafunga, na bado mkono wake mmoja ulikuwa tumboni mwangu aliposema Alhamdulillahi.